Nani Anapanga Barua Zako? Historia ya Kikasha Kilichojaa

Leo tunaacha kidogo historia ya vita na mipaka, tuongee historia ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho kwenye simu: imeili.

Hebu fungua yako uangalie barua ambazo hujasoma. Wengine mia tatu, wengine elfu mbili. Humo kuna matangazo ya kubeti, taarifa za Facebook, kozi za bure ulizojiandikisha ukaziacha njiani. Katikati ya fujo hiyo pengine kuna barua moja tu ya maana: chuo kinakuita kwenye usaili, au ofisi inaomba karatasi moja iliyobaki kabla ya Ijumaa. Sisi laini ya simu tunabadilisha, bloku tunahamishwa, hata nchi tunahama. Imeili ndiyo anwani pekee inayotufuata. Barua ikizama humo, nafasi inaenda kwa mwingine, na wewe hutajua hata kama ilikuwepo.

Kwa hiyo swali la leo: nani anapanga barua zako? Tukifuata historia tunaona kazi hiyo imepita mikononi mwa wanne. Alianza karani wa posta, akafuata mwenye barua mwenyewe, ikaja kanuni aliyoiandika mwenye barua, na mwisho imeshikwa na mashine ya kampuni. Tukiijua safari hii, tutajua pia pa kushika.

KARANI ALISOMA BAHASHA TU

Kabla ya kompyuta, kupanga barua ilikuwa kazi ya mtu mwenye mshahara. Karani anasimama mbele ya kabati lenye vyumba vidogo vidogo, anasoma anwani, anatupia barua kwenye chumba chake. Barua zilipozidi, mwaka 1838 posta ya Uingereza iliwapandisha makarani kwenye behewa la treni, wakawa wanapanga barua huku treni inatembea, ili wakifika mjini kazi iwe imekwisha.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulizoea namna nyingine. Barua hailetwi mlangoni, inawekwa kwenye sanduku la posta, ndiyo maana mpaka leo fomu nyingi zinakuuliza S.L.P. Asiye na sanduku lake alitumia la shule, la parokia au la ofisi fulani. Na pale tena alikuwepo mtu wa kuchambua: hii ya mwalimu mkuu, hii ya padri, hii ya mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Shikeni jambo moja hapo. Karani anasoma bahasha, hasomi barua. Hajui kama ndani kuna habari ya msiba au tangazo la duka. Tabia hiyo tutakutana nayo tena mbele.

BARUA BILA KARANI

Mwaka 1965, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri ya kompyuta iliyoitwa MAIL. Watu waliokuwa wanatumia kompyuta moja kubwa kwa pamoja wakaweza kuachiana ujumbe ndani yake. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, akiwa kwenye kampuni ya BBN, akatuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, akachagua ile alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta. Mpaka leo tunaiandika.

Lakini kikasha cha siku zile kilikuwa faili moja ndefu tu. Ukitaka kusoma, mashine inakumwagia barua zote mfululizo, huwezi kuchagua. Stephen Lukasik, mkurugenzi wa ARPA, shirika la serikali ya Marekani lililogharamia mtandao huo, alikuwa mpenzi mkubwa wa imeili, na barua zikaanza kumshinda. Akampelekea shida yake Larry Roberts, aliyekuwa anasimamia kazi za kompyuta hapo hapo. Mwaka 1972 Roberts akaandika programu ndogo iliyoitwa RD. Ilikuonyesha orodha ya barua, ukachagua ya kusoma, ukaihifadhi mahali pake au ukaifuta.

Kumbe hata ile orodha tunayoiona ya kawaida, mtumaji na kichwa cha habari, ilitafutwa kwa sababu mkubwa mmoja alilemewa. Ila kuna gharama iliyokuja nayo. Karani aliondoka, na kazi yake ikamwangukia mwenye barua. Barua kumi kwa siku utaziweza. Mia je?

HAKI YA KUKATAA

Novemba 1975 Jon Postel, mmoja wa wajenzi wa intaneti, aliandika waraka mfupi, namba 706 katika nyaraka za mtandao. Aliona tatizo: kompyuta inayopokea haina njia ya kukataa ujumbe. Mtumaji akiharibikiwa, au akiwa na nia mbaya, mpokeaji anaumia na hana la kufanya. Akapendekeza mpokeaji awe na uwezo wa kusema, huyu simtaki.

Haikuchukua muda. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu kama 400 wa ARPANET, akiwaalika kwenda kuona mashine mpya California. Walalamishi walikuwa wengi. Leo tangazo hilo linahesabiwa kuwa spamu ya kwanza. Na mwaka huo huo wa 1978, huko Kanada, shirika la WUSC lilianza mpango wa kudhamini wanafunzi wakimbizi waende vyuoni, mpango ambao wengi wenu mnaujua vizuri. Yaani tangazo lisiloombwa na udhamini huo vina umri mmoja, na leo barua zao zinakutana kwenye kikasha kimoja.

Machi 1982 Peter Denning, rais wa ACM, chama kikubwa cha wataalamu wa kompyuta, aliandika kuhusu takataka za kielektroniki. Hoja yake ilikuwa hivi: tumehangaika miaka yote kurahisisha kazi ya anayetengeneza na kutuma habari, tukamsahau anayepokea. Hoja hiyo ina zaidi ya miaka arobaini, na bado ukiisoma unadhani imeandikwa jana.

KAMA HIVI, BASI VILE

Jibu lililokomaa lilitoka MIT tena. Thomas Malone na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa Information Lens, wakauelezea kwenye jarida la ACM mwaka 1987. Wazo lake ndilo tunalolitumia mpaka leo: mtu wa kawaida, asiyejua kuandika programu, anaandika kanuni zake mwenyewe. Kama barua imetoka kwa fulani, basi iweke hapa. Kama ni mwaliko wa mkutano na tarehe imeshapita, basi ifute.

Mfumo ule ulikuwa na mambo mawili zaidi ambayo watu wameyasahau, na kwetu ndiyo ya maana kuliko yote. La kwanza, mtumaji alipewa fomu. Akituma mwaliko, anajaza tarehe sehemu yake, saa sehemu yake, mahali sehemu yake. Kwa hiyo kanuni ya mpokeaji haikuhangaika kukisia. Kazi ya kupanga iligawanywa: mtumaji anapanga kidogo, mpokeaji anamalizia.

La pili, kulikuwa na anwani moja ya pekee, maana yake “yeyote”. Ukituma barua huko, kanuni ya mtu usiyemjua kabisa inaweza kuivuta ikamfikia kwa sababu inahusu jambo analolitafuta. Sisi tumezoea kufikiri kichujio ni mlinzi wa kufukuza watu getini. Malone alikiona pia kama mtu unayemtuma sokoni: nenda, ukikuta kitu fulani niletee.

Mwaka 1990 Stephen van den Berg akatoa programu ya procmail, ikapendwa sana na watu wa Unix. Kila kanuni humo iliitwa pishi. Januari 2001 ikatangazwa lugha maalumu ya kuandikia vichujio, jina lake Sieve, yaani chekeche. Uzuri wake ni kwamba kanuni inakaa kwenye seva, haikai kwenye mashine yako. Simu ikiibiwa, kanuni ipo. Ukiingia kutoka kompyuta ya maktaba, ipo.

WALIOUZA MATUMAINI

Wakati wataalamu wanaandika mapishi, matapeli na wafanyabiashara nao hawakulala. Aprili 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walirusha tangazo moja kwenye maelfu ya magrupu ya Usenet, mtandao wa majadiliano wa siku zile. Dunia nzima ya intaneti ilikasirika. Walikuwa wanauza nini? Msaada wa kujaza bahati nasibu ya Green Card. Kushiriki bahati nasibu yenyewe kulikuwa bure.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Tangazo lililofanya neno spamu lisikike kila mahali lilikuwa linawauzia wahamiaji kitu cha bure. Leo ukipokea barua inayosema “lipia fomu tukuharakishie safari ya nchi ya tatu”, ujue biashara hiyo ina zaidi ya miaka thelathini. Huduma za UNHCR ni bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Anayekuomba hela ni mwizi, hata kama ameweka nembo ya bluu.

MASHINE INAJIFUNZA

Julai 1996 ikaja Hotmail, imeili ya bure ya kwenye kivinjari. Mtu asiye na kompyuta yake akaweza kuwa na anwani yake, na hapo ndipo sisi wa nchi hizi tulipopata mlango. Nafasi yake ilikuwa megabaiti 2 tu, siku hizi hata picha moja nzuri ya simu haienei humo.

Milango ilipofunguka, spamu ikafurika. Vichujio vya kwanza vya kampuni vilitafuta maneno mabaya. Mwaka huo huo wa 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zilizofuatana zinazounda neno la matusi. Mji mzima ukakataliwa kwa ajili ya herufi nne. Ni yule karani wetu wa bahasha amerudi: anasoma herufi, hasomi maana.

Mwaka 1998 watafiti, akiwemo Mehran Sahami, wakaonyesha njia nyingine, na Agosti 2002 mwandishi wa programu Paul Graham akaieneza kwa insha yake maarufu. Njia hiyo inatumia hesabu za Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Mashine inapewa rundo la barua nzuri na rundo la barua mbaya, inahesabu kila neno linaonekana wapi zaidi. Barua mpya ikija, inapima maneno yake na kukisia iko upande gani. Kila unapobonyeza “hii ni taka”, unaifundisha.

Ni akili nzuri, lakini kwetu ina mtego. Barua ya udhamini inasemaje? Hongera, umechaguliwa, bofya hapa, jaza kabla ya tarehe fulani. Barua ya tapeli inasemaje? Hayo hayo! Tapeli ameiga barua njema makusudi. Kwa hiyo mashine inaweza ikaitupa barua uliyoisubiri mwaka mzima, na ikaitupa kimya kimya. Kwenye Gmail, barua ikikaa siku 30 kwenye folda ya taka inafutwa moja kwa moja.

Gmail yenyewe ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004. Ilitoa gigabaiti 1, mara 500 ya zile megabaiti 2 za Hotmail ya mwanzo, watu wakadhani ni utani wa siku ya wajinga. Ikaja na lebo, vichujio na utafutaji wa haraka, na wito wa kutofuta kitu. Mwaka 2013 ikaanza kugawa kikasha yenyewe: barua kuu huku, mitandao ya jamii kule, matangazo kule. Hapo ndipo tulipo leo. Karani amerudi kazini, ila safari hii hatukumwajiri sisi na hatujui anafuata utaratibu gani.

TUSHIKE WAPI?

Mashine ya kampuni hatuwezi kuiondoa, na bila hiyo tungezama. Lakini ile kalamu ya mwaka 1987 bado iko mkononi mwetu. Kanuni uliyoiandika mwenyewe unaweza kuipa nguvu juu ya makisio ya mashine. Fanya hivi.

Kwanza, kaa chini uandike watumaji watano ambao barua yao ikipotea utaumia: chuo ulichoomba, shirika linaloshika faili lako, udhamini unaousubiri. Kwa kila mmoja chukua sehemu ya anwani inayofuata @, kwa mfano unhcr.org, utengeneze kichujio: barua ikitoka huko, iwekee lebo MUHIMU, iwekee nyota, na usiipeleke kwenye taka kamwe. Kwenye programu ya Gmail ya simu hutapata sehemu ya kutengeneza vichujio. Fungua Gmail kwenye kivinjari, chagua muonekano wa kompyuta, au nenda kituo chenye kompyuta. Ni kazi ya nusu saa, unaifanya mara moja.

Pili, kelele nazo ziandikie kanuni: taarifa za mitandao ya jamii na matangazo yapate lebo yao, yapite bila kusimama kwenye kikasha. Ila usiandike kanuni ya kufuta moja kwa moja, na usiandike kanuni ya neno moja kama “hongera” au “bure”. Wakumbuke watu wa Scunthorpe.

Tatu, folda ya taka ipitie kila wiki, chagua siku moja usiibadilishe. Ukikuta barua nzuri humo, bonyeza kwamba hii si taka. Hapo unamfundisha karani.

Nne, angalia nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na humo zinakaa barua, mafaili na picha za simu kwa pamoja. Zikijaa, barua mpya hazingii kabisa, zinarudishwa kwa mtumaji. Kijana anaweza kunyimwa nafasi ya chuo na video za harusi ya binamu.

Tano, kichujio hakithibitishi ukweli. Jina linaloonekana juu ya barua mtu yeyote anaweza kuliandika, na hata anwani inaweza kuigwa. Kichujio kinakuletea barua mbele ya macho, kuichunguza ni kazi yako.

NA NINYI WA MASHIRIKA

Wenzetu wa ofisini, somo la Malone ni lenu pia. Mtumaji akipanga kidogo, mpokeaji anaokoka. Mnapochukua maombi yetu, tuambieni mapema barua itatoka anwani ipi, ili tuandike kanuni kabla haijafika. Tumieni anwani moja ya ofisi, isiwe ya mfanyakazi ambaye mkataba wake ukiisha na anwani imekufa. Kichwa cha barua kiwe na maneno yale yale kila mara, na tarehe ya mwisho iwe humo humo kwenye kichwa. Barua yenye kichwa “Taarifa” au “Habari” inafanana na mia nyingine. Na msitume tangazo lililopigwa picha bila maandishi: halitafutiki, na kwa bando letu halifunguki. Siku saba za kujibu kwa mtu mwenye intaneti nyumbani ni nyingi. Kwa anayechaji simu kwa zamu ni mbili.

Miaka hamsini iliyopita mkurugenzi mmoja alilemewa na barua, akawa na mtu wa kumwandikia programu. Sisi hatuna mtu huyo, lakini programu tunayo, na ni bure. Anayejua kutengeneza kichujio amkalishe mwenzake mmoja wiki hii, mama wa jirani mwenye faili lake akumbukwe pia, watengeneze cha kwanza pamoja. Tukianza na anwani ile ambayo kila mmoja wetu anaisubiri, tutakuwa tumeanza vizuri.